Nailoni Inayozuia Jua Inalinda Nini?

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Mama zangu wa achari na mabuyu, ndugu zangu wa viungo kutoka Marikiti na Kongowea, vijana mlioanza kufunga unga wa mlonge na mafuta ya simsim, nawashukuru kwa kuacha biashara asubuhi ya leo mkaja kukaa nami.

Nimeombwa nizungumzie nailoni inayozuia miale ya jua, ile ambayo mawakala wa vifungashio wanaiita nailoni ya yuvi. Wengi wenu mmeshajiwa na wakala mwenye kipande mkononi, akawaambia kwamba ukifungia bidhaa yako humu haitachujuka rangi, haitabadilika ladha, na itakaa rafuni muda mrefu zaidi. Bei iko juu ya ile mliyoizoea, na mnataka kujua kama pesa hiyo ina kazi. Nitasema mapema ninaloliamini: ina kazi kwa baadhi yenu, kwa wengine haina, na tofauti inatoka kwenye bidhaa mnayouza. Kabla hujauliza nailoni inazuia nini, ujue kwanza bidhaa yako inadhuriwa na mwanga upi.

Tuanze na jua la kwetu. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na tena mwezi wa Oktoba, na miezi iliyobaki haliendi mbali. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa miale ya jua, na namba 11 kwenda juu wanaihesabu kuwa ni ukali uliopindukia. Hapa pwani, saa sita mchana wakati wa kaskazi na mawingu yametawanyika, kufika huko ni jambo la kawaida. Kwa hiyo ushauri wa vifungashio ulioandikwa kwa duka la London, ambako jua la Desemba huonekana saa chache tena likiwa limelala upande, hautufai sisi wenye vibanda vilivyofunguka barabarani.

Mwanga wa jua una sehemu tunayoiona na sehemu tusizoziona. Ule unaoonekana una mawimbi ya urefu wa kati ya nanomita 400 na 700, kuanzia urujuani hadi nyekundu; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chini ya 400 kuna urujuanimno, ndiyo hiyo yuvi ya mawakala. Aliyeigundua ni Johann Wilhelm Ritter, mwaka 1801, mjini Jena huko Ujerumani. Alitandaza mwanga wa jua ukagawanyika rangi zake, akauweka mbele ya kloridi ya fedha, kemikali inayogeuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Mahali palipogeuka nyeusi upesi zaidi palikuwa nje ya urujuani, pale ambapo jicho lake halikuona kitu.

Hewa inatukinga na sehemu kali zaidi ya miale hiyo, hivyo inayotufikia chini ni ya kutoka kama nanomita 290 hadi 400. Kwa nguvu zote za jua, hii ni sehemu ndogo, kama 5 katika 100 au chini yake. Lakini kila chembe ya mwanga huo ina nguvu kuliko chembe ya mwanga unaoonekana. Kwenye nanomita 345 hivi, nguvu yake inalingana na ile inayohitajika kuvunja kifungo cha kaboni na kaboni, na vifungo hivyo ndivyo vilivyoshikilia mafuta, vitamini, rangi za mimea na plastiki yenyewe.

Hata hivyo nguvu peke yake haitoshi. Kuna kanuni ya kemia ya mwanga iliyowekwa katika karne ya 19, inayobeba majina ya Grotthuss na Draper: mwanga unaofanya kazi ya kikemia ni ule uliomezwa tu. Mwanga unaopita katikati ya kitu bila kumezwa haukidhuru. Naomba mlishike hili, kwa maana maamuzi yote ya leo yanatoka hapa. Kila kitu kina mwanga wake kinaoumeza. Vitamini A inameza zaidi karibu na nanomita 325. Manjano inameza karibu na 425. Rangi ya kijani ya majani, klorofili, inameza karibu na 430 na tena karibu na 660. Riboflavini, yaani vitamini B2 ya kwenye maziwa, inameza karibu na 370 na tena karibu na 445. Ukiwa na namba hizi mkononi, wakala hawezi kukuuzia maneno matupu, maana nailoni yake angavu inazuia chini ya 400 hivi. Ingezuia zaidi ya hapo, jicho lako lingeanza kuiona ina rangi ya manjano.

Sasa, plastiki tunazotumia kila siku zinazuia nini? Zile nyembamba za kufungia, polithini na polipropilini, zinapitisha karibu miale yote ya jua, ya kuonekana na isiyoonekana. Chupa angavu za maji na soda, za PET, zinazuia miale iliyo chini ya kama nanomita 315 na kuachia iliyobaki. Kioo cha kawaida cha kabati la dukani nacho hali yake ni hiyo hiyo. Atakayebisha, nitamkumbusha njia ya kusafisha maji kwa jua: unajaza maji yasiyo na tope katika chupa angavu ya PET isiyozidi lita 2, unailaza juani saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu mengi, na vijidudu vya kuharisha vinakufa. Njia hiyo imejaribiwa hapa hapa Kenya, kwa watoto wa Kimaasai. Vijidudu vinakufa kwa sababu miale inapenya ile chupa. Basi ikiwa inapenya na kuua vijidudu, inapenya pia na kugusa mafuta yako ya kupikia.

Nailoni inayozuia miale imetiwa dawa wakati inayeyushwa kiwandani. Dawa hizo ni za aina kadhaa, na zinazotumika sana ni za jamii ya benzofenoni na benzotriazoli. Molekuli yake inameza urujuanimno badala ya bidhaa yako, kisha hidrojeni moja ndani yake inahama kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine na kurudi, na ile nguvu inatoka ikiwa joto dogo lisilodhuru. Molekuli inarudi kama ilivyokuwa, tayari kupokea nyingine. Inarudia kazi hiyo mara nyingi mno kabla haijachoka. Mimi kila nikilieleza jambo hili huona ni kazi ya ajabu, kitu kidogo kiasi hicho kubeba mapigo ya jua la mchana kutwa.

Hapa pana jambo ambalo mawakala hawalisemi, pengine kwa kuwa nao hawakuambiwa. Unene wa nailoni unabadilisha kila kitu. Tuseme nailoni ya mikroni 50, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, inapitisha miale 10 katika kila 100. Nailoni ya dawa ile ile, kipimo kile kile, ikiwa na mikroni 100, itapitisha 1 tu katika 100. Lakini ikipunguzwa ikawa mikroni 25, itapitisha kama 32. Umeona? Umekata unene nusu, na miale inayoingia imezidi mara tatu. Sasa wakala anakuja na karatasi ya vipimo iliyofanyiwa nailoni nene, kisha anakuuzia nyembamba. Vipimo ni vya kweli, ila si vya mzigo ulioununua. Mwambie akuonyeshe vipimo vya unene ule ule utakaoupokea, na akuonyeshe mchoro unaosema kwenye nanomita 320, 350 na 380 inapita kiasi gani. Muuzaji anayeijua kazi yake anao mchoro huo.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo linalowapotezea wengi pesa. Kuna plastiki zilizotiwa dawa ili plastiki yenyewe isioze juani, na kuna plastiki zilizotiwa dawa ili kilichomo ndani kisidhurike. Zote mbili zinauzwa kwa jina moja la yuvi. Mmeyaona magunia ya plastiki yaliyokaa nje miezi kadhaa, ukiyagusa yanasagika mkononi. Polipropilini ni dhaifu mbele ya jua. Ili gunia lidumu, au ile nailoni ya kuzungushia mizigo juu ya paleti pale bandarini Kilindini isikatike kabla mzigo haujatoka, hutiwa dawa za jamii ya amini ambazo hazimezi miale kabisa. Kazi yake ni kuzima uharibifu unapoanza ndani ya plastiki, usienee. Ni dawa nzuri mno kwa kazi hiyo. Lakini miale inapita kati kati na kufika kwenye bidhaa kama kawaida. Ni mlinzi aliyevaa koti la mvua huku mzigo anaoulinda unalowa. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja, na muulize mbele ya mashahidi: dawa hii inalinda nailoni, au inalinda kilichomo?

Twende kwenye bidhaa zenyewe, na nitakaa zaidi kwenye mafuta, kwa sababu hapo ndipo afya ya watoto wetu ilipo.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yanayofungwa na kuuzwa yaongezwe vitamini A. Iliwekwa kwa sababu nzuri: ukosefu wa vitamini hii unadhuru macho na kuwaacha watoto dhaifu mbele ya maradhi. Kiwandani inatiwa. Kisha mafuta yanaingia kwenye chupa angavu ili mteja aone yalivyo safi, yanapangwa mbele ya duka, na jua la saa nane linayapiga. Kumbukeni namba zetu. Vitamini A inameza zaidi karibu na 325. Chupa ya PET inazuia chini ya 315 tu. Yaani chupa inafungua mlango pale pale vitamini inapopokea pigo. Dawa ya kuzuia miale ikitiwa kwenye chupa hiyo, au chupa ikavishwa nailoni yenye dawa, mlango huo unafungwa, na mteja bado anayaona mafuta yake. Kwa mafuta ya kupikia yaliyosafishwa na kutiwa vitamini, sina shaka hata kidogo: hii ni pesa inayotumika vizuri. Na wale mnaouza salad, yaani mafuta ya kupikia ya kupima, mkiijaza kwenye chupa ndogo na kuzipanga juani ili wapita njia wazione, nawaomba mzihamishie kivulini leo hii. Kivuli hakina bei, na mama aliyenunua mafuta yale anaamini kwamba kilichoandikwa kwenye mtungi mkubwa bado kimo ndani.

Mafuta ya nazi ni habari nyingine. Kama sehemu 90 katika 100 ya mafuta yake ni ya aina ambayo oksijeni haipati pa kushika kwa urahisi, ndiyo maana yanakaa muda mrefu. Yakiharibika, mara nyingi chanzo ni maji yaliyobaki ndani wakati wa kupika tui au kukamua. Mwenye mafuta ya nazi azitumie pesa zake kukausha na kuchuja kwanza. Simsim yako katikati: ina mafuta mengi ya aina inayoshambuliwa na oksijeni, lakini pia ina vikinga vyake vya asili. Kuificha jua ni busara. Chupa ya kahawia, ambayo inazuia mwanga hadi karibu na 450, inaitosha kuliko nailoni yoyote angavu.

Viungo. Naona wengi mmeinua vichwa. Bizari ya manjano na pilipili nyekundu zinachujuka rafuni, na mteja akiona manjano imepauka anadhani ni ya mwaka juzi. Nailoni ya yuvi itasaidia? Itapunguza, haitakomesha. Sababu ni kwamba kitu chochote chenye rangi kina rangi kwa kuwa kinameza sehemu ya mwanga unaoonekana. Manjano inameza karibu na 425, pilipili karibu na 450 kwenda juu, na hapo nailoni angavu haifiki. Majumba ya makumbusho wanaijua habari hii: wanaweka vichujio vya urujuanimno madirishani, na bado wanapunguza taa, kwa sababu vitambaa na picha huendelea kuchujuka pole pole kwa mwanga wa kawaida. Kwa viungo ningefanya hivi: pakiti isiyopitisha mwanga, yenye kidirisha kidogo angavu upande mmoja, na hicho kidirisha ndicho kiwe cha nailoni ya yuvi. Mteja anaona rangi, na sehemu kubwa ya bizari iko gizani. Mama anayeuza kwa kupima kwenye visahani vya wazi pale Marikiti hahitaji chochote katika haya, kwa kuwa bizari yake haimalizi wiki.

Mabuyu yanategemea rangi uliyotia. Baadhi ya rangi nyekundu za vyakula, kama erithrosini, ni dhaifu mno kwenye mwanga, nyingine zinavumilia. Ukibadilisha rangi huenda usihitaji kubadilisha nailoni. Krisps za muhogo za pale Mama Ngina, zinazokaangwa mchana na kuliwa jioni hiyo hiyo na pilipili na ndimu, ziacheni kama zilivyo. Lakini anayezifunga kupeleka maduka ya Nairobi ajue kwamba krisps ni mafuta yaliyotandazwa juu ya eneo kubwa, na mwanga pamoja na hewa vinayavundisha upesi. Pakiti zile zenye rangi ya fedha ndani hazikuchaguliwa kwa urembo.

Vijana wa mlonge, nyinyi naomba mnisikilize vizuri. Unga wenu ni wa kijani, na kijani hicho ni klorofili. Klorofili haingoji urujuanimno. Mwanga wa kawaida wa dukani unaitosha, na ikishaumeza inaipa oksijeni nguvu ya kushambulia kila iliyo karibu nayo, vitamini na mafuta kwa pamoja. Nailoni angavu ya yuvi kwenu ni hasara. Chukueni pakiti nzito isiyopitisha mwanga, wekeni picha nzuri ya jani juu yake. Mafuta ya zeituni nayo yana klorofili, na ushauri ni huo huo.

Maziwa pia. Riboflavini inameza kwenye 370, ambako nailoni ya yuvi ingezuia, lakini inameza tena kwenye 445, ambako haizuii. Ikipigwa na mwanga inaharibika yenyewe, na inaivuta protini pamoja nayo, hadi maziwa yanatoa harufu kama ya manyoya yaliyoungua, na baadaye kama kadibodi. Haya hutokea kwa saa chache za jua. Ndiyo maana pakiti nyingi za maziwa yanayokaa muda mrefu ni nyeupe nje na nyeusi ndani. Ule weupe ni titani dioksidi, ambayo inameza urujuanimno karibu wote na kutawanya mwanga mwingine. Weusi ni kaboni, na kaboni haipitishi kitu. Wauza maziwa ya ngamia na mtindi mnaotumia mifuko angavu, tafuteni nyeupe iliyo nzito.

Mzee mmoja aliniuliza mlangoni: mbona dagaa tunawaanika juani na hawaharibiki? Ni swali la haki. Mafuta ya dagaa kwa kweli yanaanza kuharibika pale pale kwenye uanikaji, ila faida ya kuondoa maji ni kubwa kuliko hasara hiyo, kwa sababu bila kukauka wangeoza kwa siku moja. Uanikaji ni siku chache. Pakiti ni miezi. Ukishamaliza kuwakausha, jua limemaliza kazi yake na kuanzia hapo linakudhuru tu.

Neno fupi juu ya dawa za hospitali, ingawa si biashara ya waliomo humu. Kuna vidonge vinavyoharibiwa na mwanga upesi sana, na nifedipini ya presha ni mmojawapo wa mifano inayojulikana zaidi. Ule ukanda wa rangi au chupa ya kahawia ni sehemu ya dawa. Nimeona mama zetu wakivitoa vidonge kwenye kanda zake na kuvihamishia kwenye kijinailoni angavu ili visichukue nafasi. Tafadhali waambieni nyumbani wasifanye hivyo.

Na lebo. Hii nailoni ya yuvi inaisaidia lebo kweli kweli. Kwenye chapa, wino wa manjano na wa waridi ndio unaokufa mapema, buluu na nyeusi hubaki, ndiyo sababu mabango ya zamani barabarani yote yanaonekana ya kibuluu. Bidhaa iliyo nzima ndani ya lebo iliyopauka haimpendezi mtu. Kupitisha utando wenye dawa juu ya lebo peke yake ni gharama ndogo kuliko kubadilisha pakiti nzima, na wengi wenu hapo ndipo pa kuanzia.

Mjue pia nailoni hii haifanyi nini. Haizuii joto. Miale ya joto iko upande wa pili, nje ya nyekundu, na inapita. Karibu uharibifu wote wa vyakula unakwenda kasi zaidi joto likipanda, kwa makadirio ya kawaida kama mara mbili kwa kila nyuzi 10. Kibanda cha mabati Changamwe saa nane mchana kitaipika bidhaa yako hata gizani. Nailoni hii pia haizuii unyevu wala hewa kuliko nyingine ya aina yake. Na kama duka lako liko ndani kabisa na taa zako ni za LED, basi urujuanimno karibu haupo humo, kwa hiyo unalipia kinga ya kitu kisichokuwepo. Taa za mirija za zamani zinatoa kiasi kidogo.

Usalama sasa, na hapa ninasema kwa uzito. Dawa iliyomo kwenye nailoni haijafungwa kwa mnyororo. Inaweza kutoka, hasa kwenye polithini, na hasa ikigusana na chakula chenye mafuta, kwa sababu dawa nyingi za aina hii zinapenda mafuta. Ukiona unga mweupe umetokeza juu ya roli, dawa imeanza kutoka, usilitumie kwa chakula. Dai cheti kinachosema nailoni hiyo, pamoja na dawa yake, imeruhusiwa kugusa chakula. Kama huna hakika na cheti, kipeleke kwa Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, uulize. Nailoni za mashamba, zile za nyumba za nyanya, nyingi zimetiwa dawa ya jua na ni nzito, na nimesikia mtu akifikiria kuzikata afungie chakula. Hapana. Hazikutengenezwa kugusa chakula.

Mwezi wa Mei 2023, nchi zilizo katika Mkataba wa Stockholm, ule wa kuondoa kemikali za sumu zinazodumu, Kenya ikiwemo, zilikubaliana kuiondoa duniani dawa moja ya jamii ya benzotriazoli inayoitwa UV-328, isipokuwa kwa matumizi machache yaliyopewa muda. Haiozi kwa urahisi, inajikusanya katika miili ya viumbe, na imekutwa kwenye plastiki zinazoelea baharini na kwenye ndege wanaozimeza. Sisi ni watu wa bahari. Samaki wanaouzwa hapa mjini wanatoka maji yale yale ambamo nailoni zetu zinaishia. Muulizeni muuzaji kwa jina: humu mna UV-328? Akisema hajui, tafuteni anayejua.

Tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, na ninyi mnakumbuka ufuo ulivyokuwa kabla ya hapo. Vifungashio vya kiwandani viliruhusiwa viendelee kwa sababu vinalinda chakula. Mimi naona ruhusa hiyo tunapaswa kuistahili: tukitumia plastiki nzito zaidi, au yenye tabaka nyingi ambazo ni shida kuzirejesha kiwandani, iwe ni kwa sababu inaokoa bidhaa ambayo ingetupwa. Kuongeza plastiki kwenye kitu kinacholiwa siku hiyo hiyo ni kuuchafua mji bure.

Nimalizie na majaribio mawili mnayoweza kuyafanya bila maabara. La kwanza ni la nailoni. Chukua ile tochi ya kukagulia noti, lakini uhakikishe ni ya nanomita 365, kwa kuwa nyingi za bei rahisi ni za 395 na hizo ziko mpakani mno, zitakudanganya. Ingia mahali penye giza, imulikie noti, alama zake zitang'aa. Kanzu nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga nayo itang'aa vile vile. Sasa weka nailoni ya kawaida kati ya tochi na noti: mng'ao utabaki. Weka ya yuvi: mng'ao ukififia sana au ukatoweka, nailoni inameza miale. Ukibaki kama ulivyokuwa, basi ama haina dawa, ama ina ile dawa ya kujilinda yenyewe, ama ni nyembamba mno. Vipande vya kila aina viko pale mezani na tochi iko, njooni mjaribu na leteni pia mlivyouziwa.

La pili ni la bidhaa. Funga pakiti tatu za mzigo mmoja, siku moja. Ya kwanza kwa nailoni yako ya kawaida, ya pili kwa nailoni ya yuvi, ya tatu kwa nailoni ya kawaida kisha uivike foili ya jikoni pande zote. Zipange mahali pale pale unapouzia, muda ule ule ambao bidhaa yako hukaa kabla ya kununuliwa. Kisha zifungue pamoja, uzitazame, uzinuse, uzionje. Ya yuvi ikiwa karibu sawa na ya foili, nunua nailoni ile bila wasiwasi. Ikiwa ya foili peke yake ndiyo nzima, bidhaa yako inaogopa mwanga wa kawaida, tafuta pakiti isiyopitisha mwanga. Na kama hata ya foili imeharibika, mwanga hauna kosa. Huyo aje tuzungumze habari za joto, unyevu na hewa, kwa maana huko nailoni ya yuvi haifiki.